Chombo Kipana Hakipigwi Kijiko

Nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine: kijiko nilikipiga mimi. Miezi kumi na minne, kutwa mara arobaini, mara hamsini, siku nyingine hata sikuhesabu. Anayetaka kunicheka anicheke sasa amalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa.

Naitwa Zulma Arceneaux, wa Pointe Sorelle, chini ya tuta la mto, Louisiana. Maabara ya Kampuni ya mafuta niliifanyia kazi miaka kumi na tisa. Mwaka huo wa 1957 nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, sina mume, sina mtoto. Nilichokuwa nacho ni mdogo wangu Ovide, na mdomo. Watu wa kwetu shuleni tulichapwa kwa kusema lugha ya nyumbani, basi wengi wamekua wanaongea kwa kunong'ona. Mimi fimbo zilinifanya niongeze sauti.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulikuwa na bomba la kioo lililosimama wima, refu kunipita mara mbili, na mdomo wake naufunika kwa kiganja. Ndani kuna unga mweupe, laini kuliko wa ngano. Chini unapuliza gesi. Ukipuliza kidogo unga unakaa tu, hautikisiki. Ukiongeza, lo! Unachemka kama uji, viputo vinapanda, na ukitoboa ubavuni unamwagika kama maji. Gesi ikipita humo ikagusana na unga wa moto, inatoka juu imegeuka petroli. Ikikosa kugusana, inatoka vile vile ilivyoingia, na hiyo ni hasara. Kazi nzima ni hiyo, na anayekuambia kuna zaidi anatafuta kupandishwa mshahara.

Sasa, bomba jembamba lina ugonjwa wake. Kiputo kinapanda, kinameza wenzake, kinanenepa mpaka kinajaa bomba ukuta kwa ukuta. Hapo kinainua unga wote ulio juu yake kama kizibo, unapanda taratibu, unapanda, halafu pu! unaanguka. Likianza kufanya hivyo, hesabu zako zinaharibika siku nzima. Bi Azema, aliyenifundisha kazi na sasa ni marehemu, alikuwa na dawa. Alileta kutoka jikoni kwake kijiko cha mbao cha kukorogea mchuzi, akaniambia, "Likivimbiwa, ligonge." Ko, ko, ko. Kizibo kinavunjika, viputo vinarudi vidogo, unga unachemka vizuri. Nikamuuliza, "Hii niiandike wapi kwenye daftari?" Akanicheka. "We mtoto, unaandika umekohoa mara ngapi? Bomba linagongwa, haliandikwi."

Basi ndivyo tulivyoishi. Kila aliyeshika bomba lile aligonga, na hakuna aliyeandika.

Kisha akaja Daktari Whitcomb kutoka kaskazini, msomi, suti ya kijivu hata Agosti. Hakuwa mtu mbaya wa kupiga watu, hapana. Alikuwa mtu wa kukuita kwa jina lako la ukoo huku akiangalia saa. Ofisi yake na maabara vilitenganishwa na ubao tu. Wiki ya pili alifungua mlango, mkono kwenye simu, akasema, "Bi Arceneaux, hiyo ko-ko-ko yako inanipasua kichwa. Naongea na wakubwa."

"Nisipogonga, Daktari, wakubwa hawatakuwa na cha kuongea."

Akatoa leso mfukoni, nyeupe, ya kitambaa cha maana. "Kifunge kijiko na hii, basi." Nikakifunga. Kijiko kikapoteza sauti, bomba likaendelea kutii, na yeye akaendelea na simu yake. Katika kila sehemu mia za gesi, tisini na moja zilitoka petroli. Tisini na moja! Alipeleka ripoti, akapongezwa, na Kampuni ikajenga chombo cha chuma chenye upana wa futi kumi na urefu wa mnara wa kanisa letu. Ovide, aliyeanza kwa kufagia sakafu pale akiwa na miaka kumi na minane, akapewa kukisimamia zamu ya mchana. Siku hiyo nilijisikia kama nimemzaa mimi.

Kikawashwa mwezi wa pili. Hamsini na nne.

Wakapunguza gesi, wakaongeza moto, wakabadilisha unga. Hamsini na sita. Hamsini na tatu. Mpaka mwezi wa tano hakijapita hamsini na saba. Daktari Whitcomb akaandika barua kwamba hesabu zake za bomba haziwezi kukosea, kwa hiyo aliyekosea ni mtu: msimamizi wa zamu anafungua valvu kwa macho, hafuati maelekezo, "kama ilivyo desturi ya wenyeji wa vinamasi." Hayo maneno nimeyasoma kwa macho yangu. Ovide akapewa notisi ya kikao siku ya Alhamisi. Akipatikana na hatia anafukuzwa, na jina lake linaingia kwenye orodha inayosambazwa viwanda vyote vya mto huu, kutoka juu mpaka baharini. Mtu akiingia humo, hata kufagia hapewi.

Jumapili baada ya misa alikuja kula kwangu, kama kawaida yake. Nilikuwa jikoni nakoroga unga na mafuta kwa ajili ya mchuzi wa bamia, na kitu hicho ukikiacha dakika moja kinaungua. Ovide alikaa mezani, akaikunja kofia yake, akaikunjua.

"Dada, mimi si mzembe," akasema.

"Nani kasema we mzembe? Mwache aje hapa aseme."

"Nafuata maelekezo neno kwa neno. Gesi ile ile, moto ule ule, unga ule ule. Lakini nimechungulia kwenye kile kidirisha cha juu. Unga hauchemki, dada. Unatulia, unatulia, halafu katikati panapasuka shimo, mtu mzima angeingia humo, na unga unarushwa mpaka unagonga dirisha. Tena na tena. Mbona kwenye bomba lako haikuwa hivyo?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikaona mkono wangu. Ulikuwa umeshika kijiko cha mbao.

Mchuzi uliungua. Niliuacha uungue. Nikakaa mbele yake nikamwambia yote: kizibo, Bi Azema, ko-ko-ko, miezi kumi na minne. Ovide alinisikiliza huku uso unambadilika. Ni mpole yule, lakini si jiwe.

"Yaani," akasema polepole, "miezi mitatu naitwa mjinga mbele ya watu wangu, mke wangu hapati usingizi, kumbe ni kijiko chako?"

"Kijiko, na upana."

"Usinichanganye, Zulma!" Hajawahi kuniita jina tupu.

"Sikuchanganyi. Nisikilize, halafu unitukane vizuri. Kiputo kwenye bomba langu kinanenepa mpaka wapi? Mpaka ukutani. Kuta zinakibana, kinapanda kwa kujikokota, gesi inapata muda wa kugusana na unga. Kikizidi, nakigonga. Kwenye chombo chako ukuta uko wapi? Futi tano kila upande! Kinameza mwenzake, kinameza na mwingine, hakuna wa kumwambia basi. Na kadiri kilivyo kikubwa ndivyo kinavyokimbia. Kinapita katikati mbio, kimebeba gesi yako tumboni, kinatokea juu gesi haijagusa kitu. Hiyo ndiyo hamsini na nne yako."

Akaikunja tena kofia yake. "Na nani atakuamini? Mwanamke wa maabara aliyefuta vioo miaka kumi na tisa."

"Hawataniamini mimi. Wataamini macho yao. Binamu yetu bado ana ile mashine ya kupuliza mpunga kwenye mabomba?"

Tangu jioni hiyo mpaka Jumanne usiku hatukupumzika. Kila zamu ya mchana ikiisha Ovide alikuwa kwenye kinu cha mpunga cha binamu, anachomelea. Alichukua bomba la mfereji wa barabara lenye upana wa futi mbili, akalipasua kwa urefu, nusu yake akaifunga kioo kinene mbele. Kioo kilikuwa cha dirisha la duka la mikate lililofungwa, na bado kilikuwa na herufi za dhahabu. Chini akaweka bamba lenye matundu na kitambaa. Unga tulikuwa nao wa kutosha, maana Kampuni ilikuwa inagawa ule uliochoka kwa yeyote anayetaka kufukia mashimo njiani. Kisha tukafungua mashine ya binamu.

Mtakatifu Yosefu! Hata mimi niliyejua nilirudi nyuma. Chini kabisa vilianza viputo vidogo kama njugu. Kufika magotini vilikuwa ndimu, kufika kiunoni sufuria, na juu kilipasuka kimoja cha ukubwa wa karai la kufulia kikatumwagia unga vichwani. Ovide alisimama mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, anacheka na machozi yanamtoka.

"Ndicho hicho!" akapiga kelele. "Dada, ndicho hicho nilichokiona!"

Halafu mdogo wangu, anayeitwa mzembe, akafanya jambo ambalo daktari hakulifikiria. Akaokota vipande vya bomba jembamba vilivyokuwa vimelala pale, akavining'iniza wima ndani ya unga, kimoja hapa, kingine pale, kama kumi hivi. Viputo vikapanda, vikakuta mabomba, vikajibana katikati yake, vikapasuka vikiwa vidogo. Unga ukaanza kuchemka kama uji.

"Wewe," nikamuuliza, "nani kakufundisha hivyo?"

"Umesema kinakosa kuta. Nimekipa kuta."

Nilimkumbatia na unga wake wote.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwa Bwana Stroud, mkuu wa kiwanda. Mtu wa Texas, mnene, mchoyo wa maneno, mguu mmoja mbovu tangu enzi zake za kuchimba visima vya mafuta. Karani wake akaniambia bosi ana kazi. Nikasema kwa sauti ya kupenya mlango, "Mwambie nimezipata zile thelathini na saba!" Tisini na moja toa hamsini na nne: hesabu hiyo alikuwa anailala na kuamka nayo. Mlango ukafunguliwa.

"Ziko wapi?"

"Kwenye kinu cha mpunga. Njoo na kikao chako kesho, na Daktari, na saa yako."

"Kikao kinafanyika ofisini, Bi Arceneaux."

"Ofisini kuna viti tu, bosi."

Alinitazama nikadhani ananifukuza palepale. Kisha akasema, "Saa tatu."

Alhamisi saa tatu walikuja. Bwana Stroud alikuja na fimbo yake, Daktari Whitcomb na mkoba wake na suti yake. Ovide alisimama kwa mbali kofia mkononi, na nyuma yake wanaume wa zamu yake tisa ambao hakuna aliyewaita. Bomba langu la kioo nilikuwa nimelibeba kutoka maabara bila ruhusa, nikalisimamisha bila moto kando ya kile chombo cha kinuni kwa binamu. Vyote viwili vinapulizwa hewa, unga mmoja.

"Mchezo wa watoto," Daktari akasema. "Hakuna moto, hakuna gesi yenyewe. Hii haithibitishi chochote."

"Viputo havijui kama ni gesi au hewa, Daktari. Bosi, chagua kiputo kimoja kwenye bomba, ukihesabie kutoka alama hii ya chini mpaka ile ya juu. Ni mita moja."

Bwana Stroud akatoa saa, akainama. "Moja... mbili... tatu..." Kilifika kabla hajamaliza nne.

"Sasa hapa."

Akasogea kwenye kioo kipana. Akasubiri kimoja kikubwa kifike kwenye alama. "Mo..." Pwaa! Unga ukamrukia shatini. Akajaribu tena, na tena, na mara zote tatu hakuwahi kufika mbili. Alinyoosha mgongo, akajifuta uso. Wanaume wa zamu hawakucheka, lakini niliwasikia wakijizuia.

"Kwa hiyo kwenye chombo cha futi kumi..." akaanza.

"Kwenye futi kumi, bosi, huwezi hata kufungua mdomo."

Daktari akaja juu. "Hata kama! Hata kama vinakimbia zaidi, bomba langu liliendeshwa siku mia nne, likatoa tisini na moja kila siku, bila kuvimba, bila kukwama. Unga huu ni mtulivu kwa asili yake. Ukivurugika kwenye chombo kikubwa, basi kuna mkono unaouvuruga." Akamwonyesha Ovide kidole. "Ule pale."

Hapo ndipo nilipoogopa. Maana ningeweza kunyamaza. Viputo tayari vilikuwa vimesema nusu, labda ingetosha, labda Ovide angepona nami nikabaki na kiti changu. Miaka kumi na tisa, jamani, miaka sita tu nistaafu. Lakini kidole kilikuwa bado kinamwelekea mdogo wangu, na mficha maradhi kifo humuumbua.

"Liache bomba, Daktari," nikasema. "Litazame tu. Usiliguse."

Tukalitazama. Dakika moja, mbili. Kiputo kikanenepa, kikajaa ukuta kwa ukuta, unga ukapanda kama kizibo, pu! ukaanguka. Kisha kingine. Pu!

"Halijawahi kufanya hivyo," Daktari akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshangaa kweli.

"Limefanya hivyo kila siku ya Mungu." Nikatoa kijiko kwenye mkoba, nikagonga mara tatu. Kizibo kikavunjika. Unga ukatulia, ukachemka vizuri kabisa. "Huo mkono unaoutafuta ni huu hapa. Si kwamba unauvuruga unga, unautuliza. Nimegonga miezi kumi na minne na sikuandika hata mara moja, kwa sababu nilifundishwa haiandikwi, na mimi mtu mzima nikakubali. Hilo ni kosa langu, na nalikiri mbele ya watu. Tisini na moja yako ni ya bomba jembamba lililogongwa. Na hicho chombo chako utakigonga na nini? Na mnara wa kanisa?"

Bwana Stroud akamgeukia Daktari. "Ulijua habari za kijiko?"

"La hasha," Daktari akasema. "Ningejua ningekataza. Mhudumu amenificha. Huu ni udanganyifu, na napendekeza..."

Sikumsubiri apendekeze. Nilifungua fundo, nikakunjua kile kitambaa kilichozunguka kijiko. Kilikuwa cheusi kwa mikono yangu na kimechakaa upande mmoja, lakini pembeni herufi zilikuwa hai: P na W, uzi wa buluu, kazi ya mkono. Nikamtandikia kwenye mkoba wake.

"Leso yako, Daktari. Ulinipa kwa sababu nilikupigia kelele. Samahani, sijaifua."

Weee! Wale tisa wa zamu wakanyoosha shingo kutazama. Daktari Whitcomb akaitazama leso. Nadhani hakuwa amesema uongo wa kupanga. Nadhani alikuwa amesahau kweli, maana ko-ko-ko kwake ilikuwa kelele ya mtumishi, na kelele ya mtumishi haiingii kwenye ripoti. Sijui lipi baya zaidi kati ya hayo.

"Ovide," nikasema, "mwonyeshe bosi mabomba yako."

Ovide akasogea, akayashusha moja moja kwenye chombo kipana. Bwana Stroud akahesabu. "Moja... mbili..." Akarudia mara tano. Halafu akamuuliza Ovide, si mimi wala Daktari, "Kwenye futi kumi yataingia mangapi?"

"Mia tatu, bosi, kwa makisio ya macho," Ovide akasema. "Yale macho yangu ya kufungulia valvu."

Zamu nzima ikacheka. Hata Bwana Stroud mdomo ulimcheza.

Mngedhani hadithi imeisha. Ngojeni. Mchana ule ule niliitwa ofisini. Karatasi ilikuwa mezani, imeshapigwa chapa. Ovide alikuwa amekaa pembeni, ameinamisha kichwa. Daktari hakuwepo. Bwana Stroud akasema, "Ndugu yako anarudi kazini, jina lake safi. Wewe unasaini hapa."

Nikasoma. *Tofauti ya matokeo imesababishwa na mhudumu wa maabara kuficha vitendo vyake. Daktari hakuwa na habari.* Mistari miwili. Hakuna upana, hakuna kiputo, hakuna leso.

"Nisiposaini?"

"Kikao kinaendelea, na mtu mwingine anabeba lawama." Hakumtazama Ovide, lakini sote tulijua. "Bi Arceneaux, wakubwa wamemwamini yule. Siwezi kuwapelekea leso."

Ovide akainua kichwa. "Dada, usisaini. Bora nifukuzwe."

"We nyamaza," nikamwambia. "Hujui hata mchuzi ulioungua Jumapili ulinigharimu nini." Nikamgeukia mkubwa. "Bosi, mabomba mia tatu nani atayaning'iniza?"

"Zamu."

"Zamu ya nani?"

Dirishani kwake uwanja ulionekana, na wale tisa walikuwa wamekaa chini kivulini mwa tangi, wamevua glavu. Hakuna aliyekuwa amewaambia wakae.

"Nitasaini," nikasema. "Ila naandika mwenyewe. Maisha yangu yote nimeandikiwa."

Nikachukua kalamu yake, nikakata mistari yake miwili, nikaandika chini yake kwa mwandiko wangu wa daftari: *Niligonga bomba na kijiko na sikuandika. Daktari alisikia, akanipa leso ya kukifunga. Bomba jembamba lina kuta, chombo kipana hakina, ndiyo maana viputo vyake ni vikubwa na vinapita mbio. Ovide Arceneaux hakukosea kitu.* Nikaweka sahihi, jina zima, na tarehe. Nikamsukumia.

Alisoma muda mrefu, akatazama dirishani, akasoma tena.

"Unajua siwezi kukurudisha maabara baada ya hii," akasema.

"Najua. Saini."

Akasaini. Nilitoka na kijiko changu, nikapita katikati ya uwanja bila haraka, na wale wanaume wakasimama mmoja mmoja wakavaa glavu zao.

Miaka kumi na tisa iliisha hivyo. Sikulia mpaka nilipofika nyumbani, na hapo nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Msinionee huruma. Sasa nauza mikate ya mahindi na soseji za wali karibu na lango la kiwanda hicho hicho, na kila siku Daktari mpya anasimama foleni kama watu wengine.

Lakini nimalizie. Wiki ya tatu ya mwezi wa sita, saa sita mchana, simu ililia nyumbani kwangu. Ilikuwa Ovide, nyuma yake kelele za mashine.

"Dada. Themanini na nane."

Nilikaa kwenye kiti. "Rudia."

"Themanini na nane! Tangu asubuhi haijashuka. Nimechungulia, unachemka kama uji wako."

"Umegonga kitu?"

"Kitu gani?"

"Chochote, Ovide. Umegonga bomba, umepiga teke, umetikisa valvu, umeegemea?"

Alifikiri kidogo, maana ni mtu mkweli. "Sijagonga kitu."

"Daftari liko mbele yako?"

"Liko hapa."

"Basi andika," nikasema. "Andika kwamba hukugonga kitu. Nasubiri hapa hapa kwenye simu mpaka nisikie kalamu."

Nikaisikia.